Uzinduzi wa vitabu na mihadhara kwenye dunia pepe: kwa nini sauti inakufa kipindi cha maswali?

#1 Msangamkuu
Wakuu, salaam.

Huku Mtwara na Lindi waandishi na watafiti tunao. Kinachokosekana ni ukumbi wa kuwakutanisha na wasomaji walio mbali. Mtu wa Newala hafungi safari hadi Mtwara mjini kwa ajili ya mhadhara wa saa moja, na msomaji aliyeko Muscat au Berlin ndiyo kabisa. Mimi naona dunia pepe, yaani mahali pa pande tatu ndani ya kompyuta unapoingia kwa umbo lako la kidijitali (avatari), kama Second Life, OpenSimulator, Hubs na Luanti, ni kumbi halali za kazi hiyo. Si jambo la jana. Jaji Richard Posner wa Marekani alizungumzia kitabu chake ndani ya Second Life Desemba 2006, Maldives na Sweden zikafungua balozi humo 2007, na Machi 2020 korona ilipofunga milango ya Atlanta, washiriki wa mkutano wa kitaaluma wa IEEE VR walikutana kupitia Hubs.

Swali langu: msemaji anasikika vizuri dakika 40 nzima. Kikifunguliwa kipindi cha maswali, sauti inakatika, kuna mwangwi, wengine wanatupwa nje. Inatokea kwenye majukwaa tofauti, kwa hiyo siamini kwamba ni kasoro ya programu moja. Chanzo ni nini, na waandaaji mnalipangaje?

#2 Fundi Waya
Hesabu tu mkuu. Sauti ya Opus (njia ya kubana sauti mtandaoni) ya kiwango cha kawaida inakula kama kilobiti 40 kwa sekunde. Msemaji mmoja kwa saa nzima ni megabiti 144, yaani megabaiti 18 kwa kila msikilizaji. Bando dogo kabisa linatosha.

Sasa fungua maswali. Watu watano wanawasha maiki kwa pamoja, na majukwaa mengi hayachanganyi sauti kwenye seva, yanamtumia kila mtu kila mkondo. Watano mara 40 ni kilobiti 200 kwa kila msikilizaji. Wasikilizaji 40 mara 200 ni megabiti 8 kwa sekunde zinazotoka kwenye seva. Kama seva iko nyumbani kwa mtu Shangani na laini yake inapandisha megabiti 5, imekufa hapo hapo.

Dawa: maiki zote zifungwe na msimamizi, zifunguliwe moja moja.

#3 Kitunda
#2 umeeleza seva ya nyumbani. Second Life seva zake ziko Marekani na zinabeba mzigo huo bila shida, lakini tatizo aliloleta mleta uzi lipo huko pia.

Angalieni masikioni mwa watu. Hedifoni ya Bluetooth inaposikiliza tu, inatumia wasifu wa A2DP, wa muziki. Dakika unayowasha maiki yake, kompyuta inahamia wasifu wa HFP, ule wa simu. Ubora unashuka hadi sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na uhamaji wenyewe unameza sekunde moja mbili za sauti. Muulizaji anasikia kama mtu yuko ndani ya debe, anadhani mtandao umekatika, anatoka na kuingia upya. Wakifanya hivyo watu sita, ukumbi mzima umevurugika.

Tumieni hedifoni ya waya. Asiye nayo asikilize kwa Bluetooth ila maiki achague ile ya kompyuta yenyewe.

#4 Mkorosho
Hii ya Bluetooth nimeisoma mara mbili. Inaeleza kwa nini muulizaji analalamika. Na wale ambao hawajauliza chochote, mbona nao sauti inawakatikia?

#5 Bibi Maktaba
Wanangu, mnatafuta kwenye waya kitu kilichopo kwenye viti. Huku kwetu wengi hawahudhurii kila mtu kwake. Wanakusanyika: maktaba ya mkoa, chuo cha Stella Maris, kituo cha Chuo Kikuu Huria. Watu 30 chumba kimoja, projekta moja, halafu watano wana simu zao na wote wameingia. Wakati wa mhadhara hakuna tatizo kwa sababu maiki zimefungwa. Maswali yakianza, simu mbili zikiwa wazi kwenye chumba chenye spika, sauti inazunguka inarudi. Programu ya kuondoa mwangwi inajua sauti inayotoka kwenye spika yake yenyewe tu, ya jirani haijui.

Utaratibu: ukumbi mmoja, avatari moja, maiki moja yenye waya, spika moja. Maiki ipitishwe mkononi. Mwenye simu azime sauti kabisa, asipunguze.

#6 Newala Juu
Shikamoo Bibi Maktaba. Kwenye mwangwi nakubaliana nawe. Kwenye avatari moja kwa watu 30 hapana. Hapo umepoteza faida yote ya dunia pepe. Mtu akiwa na avatari yake anaweza kumsogelea mwandishi baada ya hotuba, anaweza kumwandikia ujumbe wa pembeni, anachukua kadi ya sura ya kwanza ya kitabu kwa kuigusa meza. Ukiwakusanya 30 ndani ya avatari moja umerudi kwenye sinema.

Ushauri wangu: maswali yaandikwe. Second Life maandishi ya kawaida yanafika mita 20, kunong'ona mita 10, kupaza sauti mita 100. Ujumbe mmoja unabeba herufi 1,023, swali lolote la maana linaenea. Msimamizi anasoma, msemaji anajibu kwa sauti. Maiki inabaki moja tangu mwanzo hadi mwisho na tatizo la mleta uzi linakosa pa kutokea.

#7 Bibi Maktaba
Marahaba. Swali la kuandika linamfaa anayeandika haraka. Mzee wa Mikindani anayejua historia ya mji ule kuliko mwandishi mwenyewe haandiki kwenye simu, anasema. Ukimnyima sauti umemwacha nje.

#8 Ng'apa
Kwa Second Life na OpenSimulator kuna jambo hamjaligusa: unasikia ukiwa wapi. Sauti ya maiki inafifia kwa umbali na inakoma kama mita 60. Lakini kwenye mipangilio kuna chaguo la kusikia kutoka ilipo kamera au ilipo avatari, na wengi wako kwenye kamera bila kujua.

Wakati wa mhadhara kila mtu amevuta kamera karibu na ubao wa slaidi, na msemaji amesimama pembeni ya ubao. Wanamsikia vizuri. Muulizaji yuko safu ya nyuma, mita 45 kutoka ubaoni. Kamera bado iko mbele. Anasikika kwa mbali, au hasikiki. Watu wanasema "sauti imekatika" kumbe wao ndio wako mbali naye.

Weka kusikia kutoka ilipo avatari, na jenga ukumbi usiozidi mita 30 kutoka jukwaani hadi kiti cha mwisho. Au weka zulia la muulizaji mbele, anayetaka kuuliza anakuja pale.

#9 Fundi Waya
#8 ni kweli, na zulia la muulizaji ni wazo zuri kuliko mipangilio, kwa sababu huwezi kumbadilishia mtu mipangilio akiwa Nachingwea. Hubs nayo sauti inafifia kwa umbali, kwa hiyo zulia linafaa kote.

#10 Msangamkuu
Shukrani wote. Naandika pembeni. Tusaidiane na ukubwa wa ukumbi: watu wangapi wanaingia kabla mambo hayajaharibika?

#11 Ng'apa
Second Life eneo moja ni mita 256 kwa 256. Eneo kamili linapokea avatari 100, lile la bei nafuu linaloitwa Homestead linapokea 20. Ujanja wa siku nyingi: jukwaa lijengwe pale kona za maeneo manne zinapokutana, wasikilizaji wakae kila kundi kwenye eneo lake. Wanaonana na kusikiana kuvuka mpaka, na mzigo umegawanyika kwa seva nne. Shida yake ni gharama, na anayejaribu kutembea kuvuka mpaka wakati pamejaa anaweza kutupwa nje.

Ila hiyo 100 ni ya seva. Kompyuta ya msikilizaji inachoka mapema zaidi, na hapa ndipo ninapoona jibu la uzi huu. Kwenye hotuba watu wamekaa, kamera zinatazama ubao, kompyuta inachora ubao na msemaji tu. Maswali yakianza kila mtu anageuza kamera kumtafuta anayeongea. Ghafla kompyuta inatakiwa kuchora avatari 40 zenye nywele, vito na nguo za kung'aa. Kichakataji cha kompyuta kinajaa, sauti inakosa nafasi yake, inakatika. Mtandao hauna kosa.

Kwa Firestorm, programu ya kuingilia Second Life, kabla ya kuingia:
umbali wa kuona mita 64, usizidi;
vivuli vizimwe, mwangaza wa maji uwe wa chini kabisa;
avatari zinazochorwa kikamilifu zisizidi 8, zilizobaki ziwe picha bapa;
kiwango cha uzito wa avatari kishushwe, wazito watabaki vivuli vya rangi moja;
kasi ya kupakua isizidi 1,500.

Na wote wakae vitini. Avatari iliyokaa inaipunguzia seva hesabu za mwendo na migongano. Waombeni pia wavue vitu vyenye skripti (vipande vya programu).

#12 Mkorosho
Hii nayo inaingia akilini. Sasa tuna majibu matano na kila moja linafaa!

#13 Tandahimba
Nyinyi mnazungumzia Second Life, mimi bajeti yangu haifiki huko. OpenSimulator ni bure, imeanza 2007, inatumia programu ile ile ya Firestorm, na kupandisha picha ni bure wakati Second Life kila picha ya kawaida ni dola 10 za Linden, pesa ya humo. Slaidi 20 ni 200. Si nyingi, ila ukirekebisha slaidi mara tatu umelipa mara tatu.

Kwa wanaotaka kujaribu: hali ya peke yake, yaani seva moja bila gridi, inatosha kwa watu 30. Hifadhidata ya SQLite inayokuja nayo ni ya majaribio, kwa tukio tumia MariaDB. Poti ya kawaida ni 9000, na lazima uifungue kwa njia zote mbili za kusafirisha data, TCP na UDP. Wengi wanafungua TCP peke yake: mtu anafika hatua ya kuingia, kisha anaganda na kutolewa. Ukumbi ukikamilika utunze kwa faili la OAR (nakala ya ukumbi mzima), ukiharibika unaurudisha kwa dakika chache.

#14 Fundi Waya
Nyongeza kwa #13, kwa mtu wa huku kwetu. Laini nyingi za simu hazikupi anwani ya IP ya peke yako, mnagawana mia kadhaa anwani moja. Hata ufungue poti kwenye ruta yako, mtu wa nje hakufikii. Njia mbili: kodi seva ya mbali, au kodi seva ndogo ya mbali kama mlango tu, uiunganishe na kompyuta yako kwa WireGuard, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta mbili. Kwenye WireGuard weka PersistentKeepalive iwe 25, la sivyo njia inafungwa ikikaa kimya.

Na hili la njia kufungwa ikikaa kimya laweza kuwa ndilo jibu la mleta uzi. Msikilizaji amekaa dakika 40 hajatuma chochote. Kifaa cha kampuni ya simu kinafuta kumbukumbu yake ya UDP. Anapofungua maiki, pakiti zake hazina njia.

#15 Kitunda
Hapo Fundi sikubaliani nawe. Hubs na zote za kivinjari zinatumia WebRTC, mfumo wa sauti wa vivinjari, na WebRTC inatuma ulizo la uhai kila baada ya sekunde tano hivi hata kama hakuna anayeongea. Mumble, programu ya mazungumzo ya sauti, nayo inapiga pingi mfululizo. Kumbukumbu ya UDP haiwezi kufutwa kwa mtindo huo. Halafu msikilizaji anapokea sauti muda wote, angekuwa amepoteza njia asingesikia hotuba pia.

#16 Fundi Waya
Kwa WebRTC umenishika, nakubali. Kwa FreeSWITCH, programu ya sauti kwenye OpenSimulator, bado nashikilia hoja yangu, kule mipangilio ya uhai inategemea aliyeisimika.

#17 Mwera wa Nachingwea
Wakuu, nimesoma wote. Mnachukulia kwamba tatizo linaletwa na maswali. Je, kama linaletwa na muda?

Maswali huja dakika ya 40. Laptopu nyembamba, chumba cha Mtwara mchana wa Januari bila kiyoyozi, feni ndogo imejaa vumbi. Dakika ya 5 iko sawa. Dakika ya 30 kichakataji kimefika nyuzi 90 na zaidi, kinajipunguzia kasi chenyewe kisiungue. Tangu hapo kila kitu kinakwama, sauti ikiwa ya kwanza. Simu ni mbaya zaidi, hasa iliyochomekwa chaji huku ikichora picha za pande tatu.

Kupima ni rahisi: gawa maswali. Weka kipindi cha kwanza cha maswali dakika ya 10. Sauti ikikatika pale pale, lawama ni za maswali. Ikienda vizuri dakika ya 10 na kufa dakika ya 40, kagueni joto.

#18 Ng'apa
Hoja ya #17 ni nzito. Lakini haipingani na yangu: kompyuta yenye joto ikigeuziwa avatari 40 ndipo inapokufa. Yote mawili kwa pamoja.

#19 Bibi Maktaba
Na kipimo chake ni kizuri hata kama hakuna tatizo. Dakika 40 za kusikiliza ukitazama avatari zimekaa ni nyingi. Kumi na tano za hotuba, maswali, kumi na tano nyingine, maswali.

Niulize la slaidi. Kwa nini maandishi yanaonekana na ukungu kwa nusu dakika kila ubao ukibadilika?

#20 Tandahimba
Kwa sababu picha zinakuja kwa JPEG2000, tabaka kwa tabaka, ukungu kwanza kisha ukali. Mambo matatu:

Vipimo vya slaidi viwe namba zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mfululizo, mfano 1024 kwa 512. Ukipandisha 1280 kwa 720 programu inabadilisha yenyewe na herufi zinapoteza ncha.
Mistari isizidi sita kwa slaidi, herufi zisipungue pointi 28.
Na la muhimu zaidi: ubao una nyuso sita, watu wanaona mmoja. Slaidi inayofuata iweke kwenye uso wa nyuma. Kompyuta za watu zitaipakua mapema ubao wa mbele ukiwa bado kwenye slaidi ya sasa. Ukibadilisha inatokea papo hapo.

#21 Mkorosho
Bibi Maktaba, mkifika kwenye mihadhara ya historia tuleteeni mjusi wetu wa Tendaguru asimame ukumbini. Mtwara tuna utajiri jamani.

#22 Kitunda
Wamakonde mnapenda kujisogezea vya watu. Tendaguru iko Lindi, kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913 na kuondoka na mifupa zaidi ya tani 200. Giraffatitan (dinosaria) aliyesimama makumbusho ya Berlin ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu.

#23 Mkorosho
Mpaka 1971 Lindi ilikuwa ndani ya mkoa wa Mtwara, kwa hiyo mjusi alichimbwa kwetu. 🙂

#24 Kitunda
Alichimbwa kabla hujawa na mkoa wowote, mtani.

#25 Mwera wa Nachingwea
Turudi. Hilo la mjusi ni la maana sana na lisipite kama utani. Mhadhara wa Tendaguru kwenye Zoom unaonyesha picha ya mjusi. Kwenye dunia pepe msikilizaji wa Kilwa Masoko anasimama chini ya kifua chake, mita 13 juu yake ni mita 13 kweli kulinganisha na avatari. Vivyo hivyo Kilwa Kisiwani: Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu vilipimwa kwa skana za pande tatu na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwandishi wa kitabu cha historia ya pwani anaweza kukizindua ndani ya ua wa Husuni. Hii ndiyo sababu pekee ya kusumbuka na haya yote. Kama ukumbi wako ni viti na ubao tu, tumia simu ya kawaida ya kundi, utaokoa bando.

Tahadhari mbili. Skana zina wenyewe, ruhusa iombwe kwa maandishi na masharti yasomwe. Na skana ghafi ina mamilioni ya pembetatu zinazounda umbo lake. Kwa Hubs ukumbi mzima usizidi pembetatu 50,000, aina 25 za nyenzo, taa 3, na faili la megabaiti 16. Kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu, tumia Decimate (kupunguza pembetatu) hadi jengo libaki na 30,000 hivi, kisha maelezo ya mawe yaliyopotea uyahamishie kwenye picha inayofunika uso wa jengo. Kwa mbali hakuna atakayegundua.

#26 Tandahimba
#25 ongeza kwamba Hubs ya Mozilla yenyewe ilifungwa Mei 31, 2024. Iliyopo ni toleo la jamii, unasimika mwenyewe au unatafuta aliyesimika. Msije mkatuma viungo vya zamani kwenye kadi za mwaliko. AltspaceVR nayo ilifungwa Machi 2023. Ndiyo maana ninasisitiza jukwaa ambalo faili la ukumbi linabaki mkononi mwako.

#27 Newala Juu
Na simu? Wasikilizaji wetu wengi wana simu tu.

#28 Ng'apa
Luanti, ambayo hadi Oktoba 2024 iliitwa Minetest. Ina programu ya Android, inakubali simu dhaifu, inatumia UDP poti 30000, na seva yake inakaa hata kwenye laptopu ya zamani. Majengo ni ya matofali, siyo ya kuvutia, lakini wanafunzi wa sekondari wanaweza kujenga mji wa Mikindani humo wenyewe kwa wiki chache. Haina mazungumzo ya sauti yake yenyewe, unaiunganisha na Mumble pembeni, poti 64738. Kwa Android programu ya Mumla inafanya kazi.

Uzuri mwingine: inaenda bila intaneti kabisa. Ruta moja, laptopu moja ya seva, simu 25 ndani ya ukumbi. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, kila kitu kilichotegemea seva za nje kiliyumba nchi nzima. Mtandao wa ndani ya ukumbi hauoni tofauti.

#29 Fundi Waya
Na umeme je? Ruta ya volti 12, ampea 1, inakula wati 12. Betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Usiimalize chini ya nusu, kwa hiyo una 42, saa tatu na nusu. Laptopu ina betri yake. Projekta ndiyo mlaji, ikizimika endeleeni kwa sauti.

#30 Msangamkuu
Wahuni je? Nimesoma kwamba mahojiano ya Anshe Chung, mfanyabiashara wa ardhi ya kidijitali, ndani ya Second Life, Desemba 2006, yalivurugwa na watu waliomwaga vitu vichafu ukumbini hadi seva ikaanguka.

#31 Ng'apa
Ndiyo. Yalikuwa ya CNET, tovuti ya habari za teknolojia. Kinga zipo na ni za dakika tano: kwenye mipangilio ya kiwanja zima haki ya kujenga, ya vitu kuingia kutoka nje na ya skripti kwa wasio wa kundi lako, na uzuie kusukumana. Wawepo wasimamizi wawili wenye mamlaka ya kufukuza, mmoja asiwe msemaji wala mwendesha slaidi. Usifunge ukumbi kwa kundi tu siku ya uzinduzi, utawafungia nje wageni halali wanaokuja kwa mara ya kwanza.

#32 Bibi Maktaba
Nami niongeze ya makaratasi. Kitabu kiwe na ISBN kabla ya kuzinduliwa, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mkirekodi, tangazeni mwanzoni na liandikwe mlangoni. Mkikusanya majina na namba za simu za waliohudhuria, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023: mtu aelezwe taarifa zake ni za nini, na akubali. Orodha ya wahudhuriaji isibandikwe kwenye makundi ya WhatsApp.

#33 Newala Juu
Muda wa mwaliko pia. "Saa 2" kwa mgeni ni mchana saa nane au usiku saa mbili? Andikeni saa 2 usiku, 20:00 za Tanzania. Saa ya Second Life ni ya California: 20:00 zetu ni saa 4 asubuhi kwao kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa 3 asubuhi miezi iliyobaki. Wao wanabadilisha saa, sisi hatubadilishi.

#34 Fundi Waya
Na saa 2 usiku ndiyo muda ambao kila mtu yuko kwenye intaneti. Minara imejaa saa 2 hadi saa 4. Hotuba ikianza saa 2, maswali yanaangukia saa 2 na dakika 40, kilele chenyewe. Wekeni Jumamosi saa 10 jioni muone.

#35 Mwera wa Nachingwea
Saa 10 jioni kwetu California ni alfajiri. Umewapoteza wa Marekani. Ulaya na Oman watakuja.

#36 Kitunda
Na joto la #17 linakuwa limepungua kidogo jioni, kwa hiyo sauti ikitengemaa hutajua kama ni mnara au ni feni. Ukitaka kujua, badilisha kitu kimoja kwa tukio moja.

#37 Mkorosho
Uuzaji wa vitabu wenyewe unafanyikaje? Avatari hainunui karatasi.

#38 Newala Juu
Meza ukumbini, juu yake nakala ya kitabu. Skripti ya mistari minne yenye amri ya llGiveInventory: mtu akigusa anapewa kadi yenye sura ya kwanza, bei, na lipa namba. Kadi ya Second Life inabeba baiti 65,536, sura nzima inaingia. Kwa Tanzania mnunuzi analipa kwa simu, anatuma jina na stendi ya karibu, kitabu kinapanda basi. Sahihi ya mwandishi iwekwe kwenye karatasi ndogo ya kubandika, andaeni 50 mapema, jina la mnunuzi linaongezwa siku ya kutuma. Mnunuzi wa nje ya nchi gharama ya posta itazidi bei ya kitabu, bora auziwe toleo la kidijitali.

#39 Tandahimba
Basi la Liwale masika usilihesabie siku mbili. Mwambie mnunuzi ukweli kabla hajalipa.